Rejista Iliyosahau Mvua Ikinyesha

Kijana akiniambia, "Madam, nimesevu," kichwa huanza kuniuma hapo hapo. Umesevu wapi? Nani alikuambia imefika? Ulienda ukaangalia, ama uliona tu kile kiduara kimeacha kuzunguka ukaamini? Nimestaafu, nafuga kuku na kupalilia vitunguu vyangu huku nje ya Kitale, na bado wajukuu na marafiki zao wananiletea laptopu zikiwa zimekufa, na neno ni lile lile moja. Nimesevu. Haya, vuteni viti. Nitawaambia mara moja tu, na msinikatize na simu zenu.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta za chama cha shamba. Wazee wetu, wengine wametoka kati mwa Kenya kama wazazi wangu, wengine watu wa Bungoma, walikuwa wamejiunga wakanunua shamba la mzungu mmoja hapa Trans-Nzoia, likakatwa ploti. Ofisi kubwa ilikuwa Kitale, na ndogo Bungoma ili wanachama wa upande ule wasisumbuke. Kazi ya ofisi zote mbili ilikuwa kitu kimoja: rejista, yaani nani ana ploti gani. Hati za ardhi zikitengenezwa, maafisa walifuata rejista yetu. Kama jina lako halimo, hata kama umelima hapo miaka thelathini na umezika watoto hapo, wewe ni mpita njia.

Kwa hiyo mtu akifuta jina kwenye rejista, amefuta shamba. Na mimi, Gathoni, niliandika barua kwa kamati nikisema kwamba karani wetu wa Bungoma, msichana anayeitwa Nekesa, huenda ndiye anayefanya hivyo. Hiyo ndiyo kazi ninayoikumbuka kuliko zote, na siikumbuki kwa raha.

Lakini kwanza mjue tulikuwa tunafanya kazi na nini, maana nyinyi mmezaliwa mkakuta kila kitu kinawaka. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kidogo. Kompyuta zilikuwa za mitumba, nzito kama magunia ya mahindi. Tuliziwekea mfumo huria, ule ambao maandishi yake ya ndani yako wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, akakuta kosa, akalirekebisha na kuwarudishia wenyewe. Maandishi hayo niliyapata kwa sidii zilizotoka Nairobi na rafiki, kwa sababu laini ya simu ya Kitale ilikuwa na uwezo wa kupitisha barua pepe moja na kikohozi. Nikibadilisha kitu, kuujenga mfumo upya kulichukua siku nzima. Saa tisa alasiri, ikibaki kidogo tu imalize, stima inapotea. Unaanza tena kesho. Nimewahi kuanza kitu kimoja mara tano, wiki nzima, na siku ya tano panya akakata waya.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Wafula wa Bungoma. Alikuwa ametengeneza mitambo ya simu maisha yake yote, na alipoachishwa kazi akafungua karakana nyuma ya posho mill moja mjini, kinu cha kusaga mahindi. Meza ilitetemeka mchana kutwa. Herufi l na r kwake zilikuwa ndugu, angeweza kusema "rakini" na "lejista" kwa pumzi moja, na ole wako ucheke. Alinipa daftari la kurasa tisini na sita na kuniambia, "Hapa utaandika kile umeona. Kile unafikiria, kaa nacho." Na sheria ya pili: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na kosa likaisha, hujui ni dawa gani imeponya. Mlikuwa mnajua hiyo? Hamjui. Nawaona mkibadilisha vitu kumi, halafu mnaniambia "imekubali tu yenyewe."

Kwa sheria hizo mbili niligundua kosa la kwanza la kweli ndani ya mfumo wenyewe. Ukiongeza jina mwishoni mwa faili kwenye mashini moja, mashini ya pili iliendelea kuiona faili hiyo na urefu wake wa jana. Nilihangaika nalo kipindi chote cha kupanda. Marekebisho yalikuwa mistari mitatu. Nikayatuma kwa wale wanaotunza mfumo, watu wa nchi za mbali nisiowajua kwa sura. Yakarudishwa. Kosa langu? Nafasi za mwanzo wa mstari hazikuwa za aina wanayopenda. Si kazi yenyewe, nafasi tu! Nikatuma tena, yakarudi. Kila kutuma ni kwenda saiba, pale pa kulipia intaneti, na kupanga foleni nyuma ya vijana wanaoandikia wapenzi. Mara ya nne yakakubaliwa. Mistari yangu mitatu ikaingia kwenye kompyuta za dunia nzima, nami nikatembea Kitale kama mtu aliyepewa ng'ombe. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Sasa sikilizeni hii ya kumbukumbu ya faili, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa nilivyomkosea Nekesa. Chukua mama mwenye duka pale Misikhu. Stoo yake iko nyuma ya nyumba. Hawezi kukimbia stoo kila mtu akitaka sabuni, kwa hiyo anaweka vitu vinavyoulizwa sana chini ya kaunta. Stoo ndiyo diski. Chini ya kaunta ndiyo memori. Sasa ukimletea mzigo, anausukuma chini ya kaunta na kukuambia, "Nimepokea, enda." Ataupeleka stoo akipata nafasi. Kompyuta inafanya vivyo hivyo. Ikisema imeandika, mara nyingi inamaanisha itaandika. Tofauti ni kwamba memori inategemea stima. Ikizimika, kila kitu cha chini ya kaunta kimekwenda, na stoo imebaki na mzigo wa zamani.

Mashini ya Bungoma ilikuwa pole kupita zote. Nekesa akitafuta jina, diski ilikwaruza, mwanachama anapiga miayo, foleni inafika nje. Mimi na kichwa changu kilichovimba nikasema nitaitengeneza. Mfumo ulikuwa unahamisha mzigo kwenda diski kila nusu dakika. Nikaongeza ikawa nusu saa. Programu ya rejista nayo ilikuwa inatoa amri ya "andika sasa hivi" kila jina likiingizwa. Nikaona inachelewesha, nikaiondoa. Vitu viwili kwa mpigo, na Mzee Wafula sikumwambia. Mashini ikaruka kwa kasi. Wanachama wakanishukuru. Nikawaandikia wale wa mbali kujisifu, na mmoja akanijibu kwa mstari mmoja: je, umeme wenu unategemewa? Nilichemka. Nikaona ananidharau kwa sababu natoka Kenya. Nikamjibu kwamba tuna UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea, na asitufundishe kazi. Jamaa hakuandika tena.

Miezi michache baadaye akaja Mama Truphosa. Alikuwa mjane kutoka Bokoli, mwembamba, si mtu wa maneno mengi. Mume wake alikuwa na ploti kwenye shamba letu. Alikuja ofisi ya Bungoma na karatasi zote, za chifu na za mahakama, jina la mume litolewe na lake liingizwe. Nekesa akaingiza. Wiki iliyofuata mama akarudi kuhakikisha, kwa sababu shemeji yake alikuwa ameanza kupima ile ploti kwa hatua, akisema ni ya ndugu yake na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Rejista ikafunguliwa: jina la marehemu. Nekesa akaingiza tena. Mama akarudi tena. Jina la marehemu. Mara ya tatu mama hakulia wala kupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati na kumwambia, "Huyu msichana amekula kitu kidogo cha shemeji yangu."

Mwenyekiti akanipigia simu Kitale. Maafisa wa ardhi walikuwa wanataka rejista Ijumaa ya mwisho ya mwezi, imechapishwa na kupigwa muhuri, na hapo ndipo mwisho. Nikateremka Bungoma. Nikakaa na ile mashini siku mbili. Nikaingiza majina ya bandia mia, nikayasoma, yote yapo. Niliona nini? Niliona kwamba mashini ni nzima. Nilifikiria nini? Nilifikiria kwamba mtu aliyeingiza mistari mitatu kwenye kompyuta za dunia hawezi kukosea. Nikachanganya kile nimeona na kile nafikiria, nikaandika barua: mfumo hauna kosa, aangaliwe karani. Ikasomwa kwa sauti mbele ya kamati, Nekesa akiwa amesimama pale karibu na mlango. Ikapigwa muhuri. Wakampa mpaka hiyo Ijumaa ajieleze ama aende nyumbani, na polisi waangalie mengine.

Kesho yake saa mbili kamili Nekesa alikuwa kwenye kiti chake, rejista imefunguliwa. Hiyo iliniudhi zaidi. Nilitaka alie ili nijue nilikuwa sawa.

Nikapita karakana kwa Mzee Wafula kumpa habari kwa majivuno, naye akaendelea kulehemu redio ya mtu. Akamaliza, akapuliza ule moshi, akaniuliza, "Umekaa na hiyo mashini siku mbili. Na Nekesa umekaa na yeye siku ngapi?"

"Mzee, nikae naye kufanya nini?"

"Ukae tu, bana. Si kuna benchi ya wanachama? Kalia hiyo. Na usiguse kitu."

Nilikasirika, nusura nimjibu vibaya. Lakini Jumatano nikakalia benchi. Asubuhi hapakuwa na lolote. Nekesa alisalimia watu, akachukua vitambulisho, akaandika. Alikuwa mwangalifu, kusema kweli, akisomea mtu jina lake herufi kwa herufi kabla hajaliingiza. Saa nane mawingu yakajaa kutoka upande wa Mlima Elgon, kama kila siku ya msimu ule. Mvua ikapiga mabati. Taa zikapepesa mara moja, na UPS chini ya meza ikaanza kulia, pii, pii. Nekesa, macho yake kwenye kitambulisho cha mzee aliyekuwa mbele yake, akavua kiatu, akanyoosha mguu, na kwa kidole gumba akabonyeza kitufe cha UPS. Pii ikakatika. Kompyuta ikafa. Akaendelea kuongea na yule mzee, "Ngoja kidogo, Mzee wangu, stima itarudi."

Nilisimama. "Nekesa, umefanya nini?"

"Nimezima, Madam."

"Kwa nini umezima UPS? Si hiyo ndiyo inashikilia kompyuta?"

Akaniangalia akifikiri labda namjaribu. Akaonyesha ukutani. "Si ni wewe ulituambia?"

Pale ukutani palikuwa na karatasi ya manila, maandishi ya kalamu nyekundu, mkono wangu mwenyewe: STIMA IKIPEPESA, ZIMA KILA KITU. USINGOJE. Nilikuwa nimeibandika miaka kabla hatujanunua UPS, kwa sababu stima yetu ikirudi ilirudi na hasira, na ilikuwa imeniulia kompyuta tatu. Niliwafundisha makarani kama askari. Niliwafokea waliochelewa. Nekesa ndiye aliyeshika vizuri kuliko wote, mpaka mguu wake ulizima kabla kichwa hakijafikiri. UPS ilipokuja sikumwambia mtu yeyote kwamba sheria imebadilika. Nilijua mimi, nikadhani wote wanajua.

Mnaona sasa? Mama Truphosa alitoka Bokoli asubuhi, akafika na kupanga foleni, akahudumiwa alasiri. Jina lake likawekwa chini ya kaunta kungoja nusu saa yangu. Mvua ikaja, mguu ukanyooka, jina likapotea, diski ikabaki na marehemu. Nilipolinganisha daftari la foleni na rejista nikakuta si yeye peke yake. Majina kumi na moja ya alasiri yalikuwa yamepotea, na hao wengine hawakuwa na habari kwa sababu hawakuwa na shemeji wa kuwafanya warudi kuangalia. Na mimi nilijaribu majina yangu ya bandia asubuhi jua likiwaka, nikayasoma dakika ile ile. Ukisoma ulichoandika sasa hivi, unasoma memori, husomi diski. Ni kama kumwuliza mama wa duka kama mzigo umefika stoo, naye akuonyeshe chini ya kaunta. Nyani haoni kundule.

Shikeni hii basi, mkisahau mengine yote. Ukitaka kujua kama kitu kimeandikwa, kizime, kiwashe, ndipo usome. Ama usome ukiwa kwenye mashini nyingine. Na usimwamini aliyeandika, hata kama ni wewe.

Siku ile ile nilirudisha amri ya "andika sasa hivi," na ile nusu saa nikairudisha nusu dakika. Mashini ikawa pole tena, diski ikakwaruza, na mtu aliyepiga miayo akapiga miayo. Alhamisi fundi akatutengenezea kabati ya mbao yenye matundu ya hewa, UPS ikafungiwa ndani, pale mguu wa mtu haufiki. Nikaifunga kwa waya kwenye kompyuta ili betri ikikaribia kuisha mashini iandike kila kitu na kujizima yenyewe. Karatasi ya manila nikaibandua kwa kucha zangu. Majina kumi na moja tukayaingiza upya mimi na Nekesa, akisoma, nikiandika, tukizima na kuwasha na kusoma tena. Mara mbili nilifungua mdomo niseme kitu, na mara zote mbili akanitajia jina linalofuata. La mwisho lilikuwa la Mama Truphosa.

Kumbe hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ijumaa kamati ikakaa, Mama Truphosa upande mmoja, Nekesa pale pale karibu na mlango. Usiku mzima nilikuwa nimetafuta maneno ya kitaalamu ya kujificha nyuma yake. Ningeweza kusema ni hitilafu ya mfumo, wote wangetikisa vichwa na kwenda kunywa chai. Nikasimama nikaeleza kaunta na stoo, mvua, mguu na manila.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Sasa Madam, unatuambia ati kompyuta ilidanganya?"

"Hapana, Mwenyekiti. Kompyuta ilifanya nilivyoiambia. Nekesa pia alifanya nilivyomwambia. Mimi ndiye niliwaambia mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja."

Rejista ikaletwa, imechapishwa. Mama Truphosa akatafutiwa mstari wake, akaukazia macho muda mrefu, kisha akamgeukia Nekesa na kumwambia, "Nisamehe, mwanangu." Nekesa akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akasema basi, Mungu ni mwema, mambo yameisha, Nekesa arudi kazini, na tufunge kwa maombi.

"Mwenyekiti," Nekesa akasema, "naomba kitu kimoja. Ile barua ya Madam iliandikwa, ikasomwa hapa, ikapigwa muhuri. Hii ya leo amesema na mdomo tu. Mimi naomba iandikwe."

Watu wakanong'ona. Mimi nilikuwa nimevuka arobaini, na kazi yangu ilijulikana mpaka ng'ambo. Nikaomba karatasi. Nikaandika: kosa ni langu, karani hana kosa lolote, niliandika barua ya kwanza bila kujua ninalosema. Nikasimama nikaisoma kwa sauti. Mzee mmoja wa nyuma akasema hajasikia vizuri, nikaisoma tena.

Nekesa akaja mpaka mezani. Akaichukua akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari kwa mstari.

"Haina sahihi," akasema.

Nikatia sahihi.

"Na muhuri."

Katibu akagonga muhuri. Nekesa akaiangalia tena, akapuliza wino ukauke, akaikunja mara mbili. Mwenyekiti akamwambia hiyo ni ya kuwekwa kwenye faili ya ofisi.

"Ofisi itoe nakala," Nekesa akasema. "Hii nampelekea mama yangu kule Matulo. Habari za ile ya kwanza alizisikia kanisani."